Pepo wa Mama

Mama alipoanza kusema tena, niliogopa kuliko siku aliyoanguka.

Siku aliyoanguka nilijua la kufanya. Alikuwa jikoni akimenya mihogo ya kwenda kuuza ufukweni Mama Ngina, kisu kikamtoka mkononi, akakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka, na nusu ya uso wake ikalegea. Kiharusi hakihitaji mfasiri. Tulimkimbiza hospitali, akalazwa, akatibiwa, akarudishwa nyumbani Kibokoni na mkono wa kulia usiotii na mdomo usiotoa hata neno. Daktari alituambia tuwe na subira, huenda akasema na huenda asiseme. Basi Baba akawa kila baada ya swala anamwomba Mungu jambo moja tu, amrudishie Dama sauti yake, nami naitikia amina. Nikiikumbuka dua ile leo, naona tungeomba kwa kufafanua zaidi.

Sauti ilirudi asubuhi moja nikimnywesha uji. Alimeza kijiko, akanitazama, akasema. Sentensi nzima, ndefu, yenye mwanzo na mwisho, kwa sauti ya chini. Sikuelewa hata neno. Nilidhani ni ulimi uliolegea unayapinda maneno, nikamwambia, "Mama, sema polepole." Akarudia yale yale, polepole, kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Hakikuwa Kiswahili kilichopindika. Hakikuwa Kigiriama, ambacho nakijua kwa kukisikia. Hakikuwa Kikachi cha Baba. Lakini ilikuwa lugha, hilo sikuwa na shaka nalo, na ilitoka katika kinywa cha mama yangu, ambaye nimekaa naye tangu nizaliwe na sijapata kumsikia akiisema. Nikakiweka kijiko, nikatoka mpaka ukumbini, nikampigia Baba simu dukani aje upesi.

Niseme kwanza mama yangu alikuwa nani, maana nje ya Kibokoni na wateja wake wa mihogo hakuna aliyemjua. Alikuja mjini angali msichana, kutoka upande wa Marafa, bara ya Malindi, kufanya kazi katika nyumba ya nyanya yangu mzaa baba. Alisema yeye ni Mgiriama, jina lake Dama, na hakuna aliyemuuliza zaidi. Nani humuuliza mfanyakazi wa ndani ukoo wake? Baba, Usman, kijana wa Kihindi mwenye duka la birika na sinia za shaba Ndia Kuu, akampenda. Nyanya akagoma kula. Mama akasilimu, akapewa jina jingine ambalo halikumshika, wakaoana, na yeye akabaki kuwa Dama.

Nyanya aliapa kwamba hatakula chakula cha mkono wa yule mke. Mama hakubishana naye. Alijifunza Kikachi, lugha ya Wahindi waliotoka Kachi, akajifunza kwa kusikiliza tu huku akipepeta mchele, na siku moja akamkaribisha mkwe wake chakula kwa lugha hiyo. Nyanya akala. Miaka mingi baadaye alifariki akiwa ameushika mkono wa Mama, wakisemezana Kikachi, na watoto wake wa kuzaa wakiwa wamesimama mlangoni.

Hivyo ndivyo Mama alivyokuwa. Kwa wauza mihogo wa soko la Marikiti alikuwa Mgiriama, na bei alipunguziwa kwa Kigiriama. Kwa jirani yetu Bi Lamis alisema Kiswahili cha Mombasa hasa, mpaka wageni wakaapa amezaliwa mtaani. Kwa Baba alikuwa Mkachi. Alivaa lugha ya yeyote aliyekuwa mbele yake, na zote zilimkaa vizuri.

Tulichomtania nacho ni sauti yake. Mama hakuwa akisema, alinong'ona. Akitaka kutugombeza alifunga dirisha kwanza, halafu mlango, ndipo akaanza, tena kwa sauti ambayo ilitubidi tumsogelee ili tugombezwe vizuri. Kule Mama Ngina wenzake walinadi wakakauka makoo, yeye akakaa kimya nyuma ya karai lake, na wateja wakamfuata kwa harufu ya ndimu na pilipili. Baba alikuwa akisema ameoa mwanamke ambaye hata akikasirika majirani hawafaidiki.

Baba naye alikuwa na kilio chake, na alitulilia kila jioni: Kikachi kinakufa. Ndugu zake wengine wako Uingereza, wengine wako makaburini. Mimi alijaribu kunifundisha nikiwa mdogo, na niseme kweli, nilikuwa naruka ukuta. Nje watoto walicheza kwa Kiswahili, shuleni tulichapwa kwa Kiingereza, hicho Kikachi ningekipeleka wapi? Mwisho wake, mtu pekee aliyebaki wa kusema naye lugha ya mamake katika mji huu mzima alikuwa mkewe. Walikaa wawili baada ya maghrib, Baba akieleza kwa Kikachi jinsi Kikachi kitakavyozikwa pamoja naye, na Mama akimjazia chai na kuitikia.

Sasa Baba alifika mbio, kofia mkononi. Alikaa kitandani, akamsemesha Mama kwa Kikachi, ile sauti yao ya jioni. Mama akamtazama kama anavyotazamwa mtu wa stima aliyekuja kusoma mita. Baba akajaribu tena, maneno mafupi, ya kitoto. Kisha akajaribu Kiswahili. Mama akajisukuma kwa mkono wake mzima, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akasema maneno ya ile lugha, na akaweka kidole midomoni.

"Maleka," Baba akaniambia bila kugeuka, "huyu ni nani?"

Baba yangu hana woga. Nimemwona akimtoa mwizi dukani kwa mkono mtupu. Lakini pale niliona vidole vyake vikiikunja kofia na kuikunjua, na nikajua naye anaogopa kitu kile kile ninachoogopa mimi, kwamba Mama amekwenda na kuna mwingine amebaki mahali pake.

Bi Lamis alikuja saa sita na bakuli la mchuzi. Ni jirani wa mlango kwa mlango, mjane, mtu wa adabu na wa kuingilia mambo ya watu kwa adabu hiyo hiyo. Siku zile zote hakukosa kuja. Alivua viatu, akapiga hodi, akasikia sauti ya Mama chumbani, na hakuingia. Alisimama kizingitini akisikiliza, bakuli likamwinamia mkononi na mchuzi ukamwagikia buibui lake asijue.

"Maleka, ndoo huku," akaninong'oneza. Nikamfuata mpaka kwenye ngazi. "Huyo si Dama yuwasema."

"Ni nani basi, Bi Lamis?"

"Namjua. Alikuwa akimpanda marehemu mamangu. Ni pepo wa Kigala. Maneno haya nayasikia tangu n'kiwa mtoto, nalijifita chini ya kitanda n'kayasikia. Mungu atunusuru."

Huku kwetu wazee walikuwa wakiyagawa mapepo kwa makabila, kama watu. Kuna wa Kiarabu, kuna wa Kihabeshi, kuna wa Kigala kutoka huko ng'ambo ya mto Tana. Kila mmoja, wakisema, hunena lugha yake kupitia mtu aliyempanda, na mtu huyo huitwa kiti. Pepo huulizwa jina lake na anachotaka, ikiwa ni nguo au marashi, na akipewa huondoka. Mimi nimesoma mpaka chuo na mambo haya nilikuwa nayachekea. Siku ile sikucheka. Ukisikia lugha ngeni kinywani mwa mamako, elimu yako yote huvaa viatu na kutoka.

Nilidhani Baba atamfukuza Bi Lamis. Hakumfukuza. Aliuliza swali moja tu, "Huyo pepo wa mamako aliondoka?"

"Aliondoka. Mamangu akarudi akaomba chai."

Nikaona uso wa Baba. Pepo huondoka. Kiharusi hakimwambii mtu kitaondoka lini. Akasema, "Basi fanya," akaenda kukaa pembeni na tasbihi yake, amegeukia ukuta, ili mwenyewe asione anachokiruhusu.

Tulifanya baada ya alasiri. Bi Lamis si fundi wa mapepo, lakini aliyaona yaliyofanywa kwa mamake, na mafundi wenyewe walishakufa na hawakurithisha mtu. Alileta chetezo, ubani, chupa ya marashi na kitambaa chekundu kipya. Tukafunga madirisha. Moshi ukajaa chumbani mpaka kitanda kikawa hakionekani vizuri. Mama alikuwa amekaa ameegemea ukuta, macho yanakwenda kwa Bi Lamis, kwangu, kwa mlango, tena kwa Bi Lamis.

"Salaam aleikum, mgeni wetu," Bi Lamis akaanza, kwa sauti kubwa, kwa maana pepo husemeshwa kwa nguvu. "Twakuuliza jina lako. Wewe ni nani? Wataka nini kwa kiti chako?"

Mama akajikunja.

"Wataka nguo? Hii hapa nguo. Wataka marashi? Sema, usitutese."

Mama akavuta shuka, akajifunika kichwa. Chini ya shuka yalitoka maneno, machache, yale yale, yakirudiwa haraka haraka na kwa sauti ya chini kabisa. Shuka lilipanda na kushuka. Niligeukia mlango nitoke, ndipo nikasikia sauti nyingine ndani ya yale maneno. Alikuwa akilia. Sijapata kumsikia mama yangu akilia kwa hofu. Tangu asubuhi nilikuwa nikimwogopa yeye, na haikunipitikia hata mara moja kwamba yeye anatuogopa sisi.

"Bi Lamis, tuache."

"Yuwaogopa moshi. Ndio dalili yake, yu karibu kutoka. Ongeza ubani."

Nikaongeza. Mama akaanza kukohoa, kikohozi cha mtu ambaye koo lake halifanyi kazi sawasawa. Kikohozi hakikukatika. Nikaona atakufa mbele yangu, chini ya shuka, akisema jambo ambalo hakuna atakayejua lilikuwa nini.

Hodi ilipigwa na mtu akaingia kabla ya kuitikiwa. Alikuwa Abdulbasit, mtu wa hospitali anayekuja kumnyoosha Mama mkono. Ni mtu mzima, mpole, mwenyeji wa Garsen huko mto Tana, na kabla ya siku hiyo alimkuta Mama kimya sikuzote. Alifungua dirisha moja kwa kiwiko, akaja kumwinua Mama apate pumzi. Kikohozi kilipotulia yale maneno yakaanza tena. Abdulbasit akasimama pale pale, mikono hewani.

"Mwanangu, tafadhali ngoja nje kidogo," Bi Lamis akamwambia. "Tuna mgeni."

Abdulbasit alipiga magoti kando ya kitanda, akasogeza mdomo karibu na shuka, na akasema kitu kwa lugha ile ile.

Shuka likaacha kutikisika. Likashuka taratibu, likatoka jicho moja, halafu la pili. Mama akasema. Yeye akajibu, kwa kukwamakwama. Bi Lamis aliukamata mkono wangu akaufinya mpaka ukauma, nadhani alihesabu kwamba mapepo sasa ni wawili.

"Zimeni hicho chetezo," Abdulbasit akasema.

"Wewe lugha ya pepo umeijulia wapi?" Bi Lamis akauliza, na sauti yake ilikuwa imepungua sana.

"Bi mkubwa, hao mnaowaita Wagala ndio sisi Waorma, na jina hilo hatulipendi. Lakini huyu hasemi Kiorma hasa. Kinafanana, nakamata neno na kuacha neno. Nyanya yangu alikuwa na majirani waliosema hivi. Hiki ni Kiwaata. Mama huyu ni Mwaata."

"Mama ni Mgiriama," nikasema.

"Wengi walijiita hivyo."

Alitueleza kwa maneno machache, huku amemshika Mama kifundo cha mkono akisikiliza mapigo. Waata walikuwa wawindaji, watu wa upinde, wakiwinda hata ndovu. Pori lao lilipofanywa mbuga ya wanyama, walisakwa na askari na wengine wakafungwa, na waliobaki wakatawanyika kwa Wagiriama na kwa wengine. Huko nako walidharauliwa kwa kula nyama ya porini. Wakachukua majina ya wenyeji, wakachukua lugha ya wenyeji, na watoto wakafunzwa wasisikike. Wanaokisema vizuri leo, alisema, ni wazee, na hawajui ni wangapi.

Baba alikuwa amegeuka kutoka ukutani. Tasbihi ilikuwa imemwangukia mapajani. "Kila jioni," akasema. "Kila jioni nikimlilia Kikachi changu, naye ananijazia chai." Hakumaliza. Aliuangalia uso wa mkewe kama mtu aliyepotea katika nyumba yake mwenyewe, kisha akajifunika macho na kofia.

Nikamuuliza Abdulbasit Mama anasema nini.

"Ni jambo moja analolirudia. Anakuona wewe ni ndugu yake mdogo, nadhani. Anasema, nyamaza, watatusikia."

"Akina nani?"

"Anasema wako nje ya mlango. Wanasema kwa sauti kubwa na wana moshi." Akautazama ubani uliokuwa ukififia kwenye chetezo, akautazama uso wa Bi Lamis, akaacha hapo.

Nikaangalia dirisha. Nilikumbuka kila dirisha ambalo mama yangu alilifunga kabla ya kunigombeza, na karai la mihogo, na mzaha wa Baba, na jinsi tulivyocheka, yeye akicheka nasi kwa mkono mdomoni. Ile hofu haikuletwa na kiharusi. Mama aliishi nayo humu ndani miaka yote, akaisafishia nyumba na kuipikia, na sisi tukaiona kuwa ni tabia yake.

"Nifundishe nimwambie kwamba hakuna mtu," nikamwambia Abdulbasit. "Kwamba anaweza kusema."

Akanifundisha. Yalikuwa maneno manne hivi, moja lina sauti ya kooni ambayo sikuipata, akanirudisha nalo mara kadhaa mpaka akaridhika nusu. Siwezi kuyaandika hapa kwa sababu sijui yanavyoandikwa. Nikakaa kitandani mahali alipokaa Baba asubuhi, nikamshika Mama mkono ule usiotii, nikasema, hakuna mtu nje, sema.

Alinitazama tu. Nilijua nimeyasema vibaya. Nikanyanyuka, nikafungua madirisha yaliyobaki, yote, mpaka mbao zikagonga ukuta wa nje. Mama akaruka, akafunga macho. Chini mtaani kulikuwa na watoto wakitoka madrasa, pikipiki ikipiga honi, mtu akibishania bei ya samaki. Alingoja waje kutukamata. Nami nilingoja pamoja naye, Mungu ananiona, niliukodolea mlango macho. Hakuna aliyekuja.

Basi akasema. Alianza chini, halafu sauti ikapanda, na ikaendelea kupanda, na ilikuwa nzito, ya kifuani, sauti ya mwanamke ambaye sijawahi kukutana naye. Nimefika umri huu ndipo naisikia sauti ya mama yangu. Ilitoka dirishani ikashuka mtaani, na nilimwona Bi Lamis akiketi sakafuni polepole na kitambaa chake chekundu, asijue akiweke wapi. Abdulbasit alijitahidi kufasiri. Hapa anataja mto, alituambia. Hapa kuna mtu anaitwa. Hapa sijui. Hapa sijui. Baadaye akaangalia saa, akaomba radhi, ana mgonjwa mwingine Makadara, atarudi keshokutwa, na ana mjomba huko Garsen atakayemuuliza kama yuko mzee wa Kiwaata aliye hai anayeweza kusafiri au kuja kwenye simu.

"Ataweza kungoja mpaka hapo?" Baba akamuuliza mlangoni.

"Mzee wangu, kiharusi cha pili hakibishi hodi. Msimwache peke yake."

Akaondoka. Mama hakuacha. Baba alirudi akakaa upande wa pili wa kitanda, akaweka simu yake juu ya mto inase sauti, na kila mara aliigusa kuona kama bado inanasa. Mimi sikumwachia mkono. Asubuhi nzima nilikuwa naogopa kwamba hatanyamaza. Sasa kila alipovuta pumzi niliogopa kwamba ndio mwisho, kwamba amenyamaza na hayo tuliyoyasikia yamekwisha, na sisi tuliokuwa hapo hatukuelewa.

Kabla ya maghrib akanyamaza kweli. Nikashtuka, nikamwinamia. Alikuwa mzima. Macho yake yalikuwa wazi na yalikuwa yananitazama mimi, nyusi amezipandisha, kichwa amekiinamisha upande kidogo, kama alivyokuwa akifanya akituuliza jambo.

Alikuwa ameniuliza kitu na anangoja jibu.

Nilimtazama Baba. Baba akanitazama. Mama akauliza tena, sasa kwa upole, akaubana mkono wangu kwa vidole vya mkono wake mzima. Sikuwa na kitu kingine, kwa hiyo nikamwambia yale yale niliyofundishwa, hakuna mtu nje, sema. Akatikisa kichwa, si hilo alilouliza, na akaendelea kungoja.